Kungwi, Kamba na Pikapu ya Mjomba Sefu

Wenzangu, mmeniandikia barua tatu kuulizia kisa cha pikapu, na kila barua ina habari yake. Mmoja kasikia tulitumbukia mtoni. Mwingine kasikia nilivutwa na punda kutoka Ngorongo mpaka Kibiti. Wa tatu, ambaye simtaji lakini anajijua, ameniandikia kunipa pole ya kukatika mkono. Mikono yangu yote miwili ipo, na ninaoandikia ni mmojawapo. Redio mbao ya Rufiji inafika mbali kuliko posta, basi naona afadhali nisimulie mwenyewe mara moja, nyote msome.

Kwanza mjue tulikuwa tunakimbilia nini. Hapa Mbuchi, katikati ya mikoko, ninapofundisha huu mwaka wa nne, mwanafunzi wangu Zena alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Ni msichana wa kwanza kuchaguliwa tangu nifike. Siku jina lake lilipoletwa nilirukaruka ofisini mpaka mwalimu mkuu akaniuliza kama nimepandwa na siafu. Tatizo ni kwamba Zena alikuwa ndani. Alipomaliza darasa la saba aliwekwa mwali, kama wasichana wa huku wanavyowekwa, na mwali hatoki mpaka atolewe kwa ngoma. Tena hatolewi na yeyote ila kungwi yuleyule aliyemwingiza. Kungwi wake, Bi Tatu, alikuwa amehamia kwa binti yake Ngorongo, juu huko kwenye bonde la Rufiji. Shule ilimtaka Zena Jumatatu. Mwezi wa Ramadhani ulitarajiwa kuandama Jumapili jioni, na ukishaandama hapigi mtu ngoma mpaka Idi.

Baba yake, Mzee Ali, hakukataa shule, msije mkamsema vibaya. Nilikwenda kwake mara nne, na mara ya nne akanipa jibu lake. "Mwalimu, mimi sikatai. Lakini mwanangu hatatoka ndani kama mwizi. Mlete kungwi kabla ya mwezi, uondoke na mwanafunzi wako."

Basi mimi, Mnyamwezi wa Tabora, Mkristo, mwanamume, nikawa ndiye wa kutumwa kuleta kungwi. Mjomba wa Zena, Sefu, mwenye duka pale Kibiti, akaniazima pikapu yake. Siku hizi za ruksa kila mwenye duka anataka gari, na Sefu alikuwa amepata lake kutoka Dubai, la mtumba lakini linang'aa, analifuta asubuhi na jioni kama sufuria ya wageni. Udereva nilijifunza jeshini, kwenye JKT, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Kutoka Ngorongo

Alhamisi asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bi Tatu. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuagiza. Alinipa mihogo ya nazi na chai, akaniambia nile haraka, kisha akaniambia nisimame nyuma ya nyumba nitazame miti. Nikatazama miti. Nilisikia yeye na binti yake wakipakia vitu, na niliporuhusiwa kurudi nikakuta nyuma ya pikapu pana ngoma tatu na kikapu kikubwa kilichofunikwa shuka jeupe na kufungwa kamba. Hivyo ni vitu vya ndani, akasema, na mkono wa mwanamume haugusi. Nikamwambia sina haja navyo hata kidogo.

Alikaa kiti cha mbele kwa mara ya kwanza katika maisha yake na alifurahi waziwazi. Alitaka kujua jina la kila kitu na kazi yake. Hii? Gia. Hiki? Usukani. Huu mkono je? Nikamwambia ni breki ya mkono, ya kulishika gari lisiondoke. Akaupapasa, akaniuliza unavutwa au unasukumwa, nikamwonyesha. Nilidhani ni udadisi tu wa mtu mgeni na gari.

Tulikwenda kama saa moja hivi. Tulikuwa tunacheka, ninakumbuka, maana alikuwa ananisimulia jinsi alivyomfukuza bwana mmoja aliyechungulia ngoma, na katikati ya kicheko injini ikanyamaza. Haikukohoa, haikupiga kelele, ilinyamaza tu. Pikapu ikaenda kidogo kwa mwendo iliokuwa nao, ikazama mchangani, ikasimama.

Nikafungua boneti. Nikaitazama injini kama unavyomtazama mtoto mgonjwa wa jirani, kwa huruma na bila dawa. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali. Bwana mmoja mwenye baiskeli akasimama, akashuka, akatazama na yeye, akasema ina kiu. Tukaipa maji. Akasema basi ina joto. Tukaipepea. Akatukatia kipande cha tikiti maji alilobeba, tukala watatu, akatuombea dua njema akaenda zake. Bi Tatu akahesabu kwa vidole: leo Alhamisi, kesho Ijumaa, keshokutwa Jumamosi. Akavikunja vidole vyake, na mimi nikaanza kuogopa.

Kamba

Lori lililotuokoa lilikuwa la mbao, limejaa mpaka mbao zimetokeza nyuma. Dereva wake aliitwa Mbonde, mtu wa Mtawanya, ndevu zimeanza mvi, na utingo wake wawili walikaa juu ya mzigo. Alitazama chini ya boneti, akaingiza mkono, akautoa na kipande cha mkanda mweusi. Mkanda wa taimingi umekatika, akasema, hapa hakuna dawa. Kisha akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Tabora.

Lo, wenzangu. Aliwaita utingo washuke waje kutazama. Mnajua sisi Wanyamwezi na watu hawa ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hukutukana mbele ya wakwe zako ukacheka. Akanizunguka mara mbili. "Babu zenu walibeba pembe kutoka bara mpaka pwani hawakuchoka. Wewe umepewa gari la magurudumu manne umelala nalo njiani. Mpagazi gani wewe?" Nikamjibu kwamba babu zetu walipofika pwani waliwakuta babu zake wamelala, na walipoondoka waliwaacha wamelala. Tukapeana mikono. Nilimpenda saa ileile.

Shauri lake la kwanza lilikuwa la mtu mwenye akili: tupakie vitu kwenye lori, mama akae mbele, pikapu ibaki ije ifuatwe. Bi Tatu akakataa. Alisema vitu vimepanda hapa, vitashuka kwenye gati la kuvukia Mbuchi, navyo vinashushwa na wanawake. Wanawake hapakuwa nao, na juu ya mbao walikaa wanaume wawili. Mbonde hakubishana naye. Alizaliwa huku, anajua. Akasema basi tutaivuta ilivyo.

Wakati yeye anakula mihogo ya asubuhi tuliyobeba, mimi kwa haraka yangu nikafunga kamba kwenye bampa. Akapanda, akaondoa lori, nikasikia mlio, na bampa ya Sefu ikaenda peke yake na lori kama hatua thelathini. Sisi tulibaki palepale. Mbonde hakuwa na habari mpaka utingo walipogonga bodi. Alirudi ameshika bampa kifuani, akamkabidhi Bi Tatu kwa adabu, akasema mahari imefika.

Baada ya hapo alifunga mwenyewe, kwa kamba nene ya mashua, chini kwenye chesisi, hatua tano kutoka gari hadi gari. Katikati ya kamba akaomba kitambaa chekundu ili mtu asipite katikati bila kuiona, na Bi Tatu akatoa kanga yake. Halafu Mbonde akanipa sheria. Ufunguo ubaki mahali pake, nisiutoe, usukani usije ukajifunga. Gia iwe huru. Honi moja ni twende, honi mbili ni simama. Anayeshika breki ni wa nyuma, ili kamba ikae imekaza. Hizo alizisema, lakini kati ya kila moja na nyingine alichomeka yake: Mnyamwezi asishuke akalibeba gari kichwani, Mnyamwezi asimuulize mvutaji kama Tabora ni mbali. Nilicheka mpaka machozi. Na ya mwisho akasema, kwenye mteremko breki ya mguu itakuwa ngumu kama jiwe kwa kuwa injini imezimika, nianze na ya mkono mapema. Nikacheka na hiyo. Nikamwambia ninyi mmezoea kuongoza mitumbwi, breki mmezijulia wapi?

Mteremko

Kuendesha gari lisilo na injini ni raha ya ajabu. Hakuna kelele, unasikia ndege, unasikia kamba inavyolia ikikaza. Mbonde alikwenda polepole, na mchanga wenyewe haukuruhusu haraka. Nilijiona mtu mkubwa. Nilimwambia Bi Tatu kwa mwendo huu tutalala Kibiti, naye akaanza kuimba kwa sauti ya chini, anapiga mapaja yake. Kisha njia ikainama kuelekea kwenye kijito.

Lori lilipunguza mwendo ili livuke. Nikakanyaga breki. Pedali ikakataa. Nikakanyaga kwa miguu miwili, ikashuka kidogo tu, kwa shingo upande. Kamba ikalegea, ikalala mchangani, ikapotea chini yetu pamoja na kanga. Mbele yangu mbao za Mbonde zilikuwa zinakua, na ncha zake zilikuwa sawasawa na vifua vyetu. Nilimwita Yesu. Honi nilikuwa nayo mbele yangu, inafanya kazi vizuri kabisa, na sikuikumbuka.

Bi Tatu hakumwita mtu. Aliukamata ule mkono wa breki kwa mikono yake miwili akauvuta, akauvuta tena, akauvuta tena, kama anachota maji kwenye kisima kirefu. Pikapu ikayumba mkia, ikatikisika, ikasimama. Ncha ya ubao mmoja ilikuwa imegusa kioo. Haikukipasua. Iliacha alama nyeupe, mbele ya pale alipokaa yeye, na alama hiyo ipo mpaka leo.

Nilishuka, nikakaa chini. Mbonde alikuja mbio, alipoona kile kioo akavua kofia. Hakuwa na utani wowote usoni, na ndipo nilipojua kwamba ile sheria ya mwisho aliisema kwa dhati.

Bi Tatu alishuka polepole, akakagua ngoma zake, akakagua kikapu, kisha akatukalisha mchangani, mimi na Mbonde, bega kwa bega.

"Ulimwambia habari za mkono huu?"

"Nilimwambia, Mama."

"Ukiwa unacheka au hucheki?"

Mbonde akatazama chini. Bi Tatu akanigeukia mimi. Nikasema nilisikia, lakini nilidhani ni utani.

"Basi nisikieni. Kamba ikifungwa, na utani umefungwa. Kamba ikifunguliwa, tukananeni mpaka mkauke koo. Mtoto wa watu ananisubiri kule anitazame nikiingia mlangoni. Ninyi mlitaka apelekewe maiti."

Sijapata kuona aibu kama ile tangu nimalize chuo. Lakini hakutuachia hapo. Alisema sisi sote hatujui kufundishana, maana jambo la kuokoa roho halisemwi mara moja tena katikati ya kicheko. Akamtaka Mbonde aziseme sheria upya, moja moja, yeye akizipanga na kuzifupisha, akizipigia makofi. Halafu tukazirudia. Aliyekosea alianza mwanzo. Mbonde, mzee mzima mwenye wajukuu, alikosea mara mbili. Utingo wakacheka, nao wakaitwa wakakalishwa. Pale kwenye kijito, jua la utosi, wanaume wanne tulifundwa namna ya kuvuta gari na mwanamke aliyepanda kiti cha mbele asubuhi ileile. Sitasahau, na moyoni, baada ya woga kunitoka, nilikuwa na furaha ya ajabu. Tulikuwa wazima, kamba ilikuwa nzima, na siku ilikuwa bado.

Mkongo

Tulikwenda kimya. Honi moja, honi mbili. Kila mteremko niliushika mkono mapema, na Bi Tatu aliweka wake juu ya wangu, kwa usalama zaidi.

Mkongo tuliingia tukiwa na njaa. Sasa fikirini watu wa pale walichoona: ngoma tatu, kikapu cha shuka jeupe, kungwi amekaa mbele ananing'iniza mkono dirishani, na kanga nyekundu inapeperuka kati ya magari mawili yanayotembea taratibu kama msafara wa arusi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Wa pili akaitikia. Kabla hatujafika madukani barabara ilikuwa imejaa, wanawake wameacha nyungo zao, wanaimba, wanamtafuta mwali. Nikapiga honi mbili. Bi Tatu akawaambia hapana mwali humu. Hawakumwamini, maana kungwi hawezi kusema mwali wake yuko wapi. Bibi mmoja akachungulia dirishani kwangu, akanitazama kwa makini, akawageukia wenzake akawaambia mwali wa mwaka huu ana ndevu.

Tulipoteza muda mwingi pale. Hawakutuachia mpaka Bi Tatu aliposhuka akacheza kidogo, na alipocheza kidogo akanogewa akacheza sana. Malipo yetu yalikuwa wali wa nazi na kambale wa kukaushwa kwa mchuzi mzito, tumeletewa kwenye masinia mawili, wanaume huku na yeye kule. Mbonde alikuwa ameifungua kamba ili lori lisogee kivulini, na kamba ilipoanguka tu alinigeukia kinywa kimejaa. Akaniambia tangu kijitoni amebeba matusi kumi na mawili na yanamchoma tumbo. Akayatoa yote. Nilijibu manane, manne nikayaweka akiba.

Kibiti

Tuliingia Kibiti jioni, watu wamejaa sokoni. Hapo ndipo kanga ya Bi Tatu ilipofanya kazi yake hasa. Bwana mmoja mwenye baiskeli na gunia la mpunga aliona nafasi kati ya lori na pikapu akaamua kupenya. Aliiona kanga akiwa ameshaingiza gurudumu la mbele. Akaanguka upande, yeye na gunia, nje ya kamba. Aliinuka akatutukana vizuri kabisa, na mimi nilimshukuru Mungu kwa kila tusi.

Sefu alitoka dukani na kitambaa chake cha kufutia gari. Alitazama mbele ya pikapu pasipo na bampa. Akatazama kioo. Akatazama kamba. Bi Tatu akamteremshia bampa kupitia dirishani, akamwambia asante kwa gari zuri. Maskini, hakujua acheke au alie, lakini alipokumbuka Zena akauliza jambo moja tu, kama tutawahi. Fundi akaja, akasema mkanda unapatikana Dar es Salaam, labda Jumamosi utafika. Jumamosi ndiyo ngoma yenyewe. Mbonde alikuwa anashusha mbao zake kwenye stoo pale jirani. Bila kuulizwa akasema kesho lori ni tupu, na gati la kuvukia Mbuchi liko mbele ya kwao Mtawanya, atatufikisha.

Tulilala kwa Sefu. Asubuhi mkewe alitupa chai ya maziwa na chapati, na nilikula tano.

Mtawanya hadi gatini

Ijumaa kamba ilifungwa tena, na tulizisema sheria wote kabla ya kupanda, bila kuambiwa. Lori tupu ni jepesi, linarukaruka, na ilibidi Mbonde ajizuie. Niliona kichwa chake kikigeuka kila mara kututazama.

Mtawanya tulisimama kwa sala ya Ijumaa. Nilikaa chini ya banda la kahawa na Bi Tatu akaenda kwa mke wa Mbonde. Sala ilipokwisha Mbonde hakurudi. Jua likasogea. Nilikwenda kumtafuta nikamkuta nje ya msikiti amezungukwa na watu, anawasimulia habari ya kijito, na kilichonishangaza ni kwamba hakujipa ushujaa. Aliwaambia alimfundisha mtu huku anacheka na nusura aue watu wawili. Nilirudi bandani nikamsubiri.

Gatini tulifika maji yakiwa yametoka. Matope matupu, mtumbwi umekaa juu yake kama kiatu kilichosahauliwa. Wanawake wa Mbuchi waliokuja kupokea vitu walikuwa wameshafika tangu asubuhi, wamechemsha kaa kwa chumvi na ndimu wakatubakizia. Tukasubiri bahari ipande mtoni. Niliuma kucha zangu zote. Bi Tatu hakuonyesha wasiwasi, alisema maji hayavutwi kwa kamba. Yalipopanda, sisi wanaume tukatazama mikoko, wanawake wakapakia. Pikapu tuliiacha kwa mlinzi wa gati na Mbonde akarudi kwao. Tulipoingia Mbuchi jua lilikuwa linazama, na Mzee Ali alikuwa amesimama maji yamemfika magotini. Alimpa Bi Tatu mkono, kisha akanishika mimi kwa mikono miwili na hakuniachia upesi.

Jumamosi, Jumapili

Yaliyofanyika ndani siyajui na hayanihusu. Usiku kucha niliisikia ngoma nikiwa kitandani, na mara kwa mara vicheko vikubwa vya wanawake. Jumamosi alasiri alitolewa. Alikuwa amebebwa mabegani, amefunikwa kanga nyekundu, nikaitambua, maana pindo lake moja lilikuwa na alama ya grisi. Ilipofunuliwa nilimwona Zena baada ya miezi mingi, amekuwa mweupe wa kukaa kivulini, macho chini kama impasavyo mwali. Nililia. Mwalimu mkuu aliniona na ninyi nawaambia kabla hajawaambia yeye.

Jumapili jioni mwezi ukaonekana, mwembamba, juu ya mikoko. Ngoma zilikuwa zimeshafunikwa.

Jumatatu, gatini

Tulivuka alfajiri na maji yanayopanda: Zena, baba yake, Bi Tatu, mimi. Sefu alikuwa amekuja na Mbonde, kwa kuwa mkanda haujafika, na pikapu ilitakiwa irudishwe Kibiti kwa kamba ileile. Kutoka Kibiti Sefu angempeleka Zena shuleni. Mimi nilikuwa na darasa la kufundisha, nisingeweza kwenda mbele.

Mbonde alikuwa amefunga saumu lakini kamba alikuwa hajafunga, akawahi kuniuliza kama nimekuja kubeba sanduku la mtoto kichwani. Sanduku nililibeba kichwani kweli. Zena alikuwa na sare inayomzidi mabega, nywele zinanukia mafuta, hajasema neno tangu tutoke nyumbani. Hakupata kupanda gari maishani. Mbonde akamkalisha mbele kwenye lori, akafunga kamba, akaning'iniza kitambaa chekundu. Sefu akaingia kwenye pikapu ashike usukani, akauchomoa ufunguo akautia mfukoni, kama afanyavyo mwenye duka.

Nikafungua kinywa nimwambie. Sauti ikatoka kwenye lori.

"Mjomba, ufunguo usitoke."

Tuligeuka sote. Zena alikuwa ametoa kichwa dirishani, macho bado chini. Akaendelea polepole, vidole vyake vikipiga makofi madogo kwenye mlango.

"Honi moja, kamba imekaza, twende. Honi mbili, simama. Wa nyuma ndiye mshika breki. Mguu mzito, mkono mapema."

Hakukosea hata neno. Mbonde alitoa kofia akajifuta uso. Nikamtazama Bi Tatu. Alikuwa amekaa kwenye mtumbwi, amenipa mgongo, anatazama mikoko kwa bidii, kama mimi nilivyotazama miti kule Ngorongo. Sikumuuliza ni mangapi mengine amempa mtoto ya kusafiri nayo. Nilijua tu kwamba hayakusemwa mara moja, na hayakusemwa katikati ya kicheko.

Sefu akaurudisha ufunguo mahali pake. Akapiga honi moja. Mbonde akajibu moja. Kamba ikanyanyuka kwenye matope, ikakaza, na magari yote mawili yakaanza kupanda kuelekea Mtawanya, Zena akinipungia mkono bila kunitazama.

Nilisimama pale na Mzee Ali, miguu kwenye tope. Wenzangu, sitawaficha: nilikuwa natega sikio nisikie honi ya pili, maana moyo wangu ulitaka wasimame nimwambie jambo moja zaidi, sijui lipi. Nadhani baba yake naye alikuwa anasikiliza. Tuliwasikia mpaka kwenye kona, tukasikia injini ya lori inafifia.

Honi ya pili haikulia.